Fleti ya likizo kando ya ziwa, Kisumu: kuanzia kuchagua hadi kurudisha ufunguo

Fleti zinazotazama Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria, hutangazwa kwa picha ileile: roshani, viti viwili, jua likizama ziwani. Picha hiyo haidanganyi. Lakini haikuonyeshi maji yanatoka wapi, neti ina matundu mangapi, wala nani analipa tokeni za stima, na hayo ndiyo yatakayoamua kama utapumzika au utashinda ukimpigia simu keyateka, yaani mwangalizi wa jengo. Mwongozo huu ni wa anayekuja Kisumu kwa siku tatu hadi wiki mbili, akitaka kulala karibu na maji, kupanda boti na kujipikia samaki.

Chagua upande kabla ya kuchagua nyumba

Ziwa liko magharibi na kusini-magharibi mwa mji. Kwa hiyo roshani yenye sura nzuri ya ziwa ndiyo hiyo hiyo inayochomwa na jua kuanzia saa nane mchana. Sebule ikiwa upande huo hakuna neno. Chumba cha kulala kikiwa upande huo, ukuta utakuwa bado na joto saa nne usiku. Muulize mwenye nyumba wazi: kitanda kiko upande wa ziwa au upande wa barabara? Upande wa barabara, au wa mashariki, ndio wa kulala.

Upepo nao una ratiba yake. Mchana huvuma kutoka ziwani kuja mjini, usiku hugeuka. Nyumba ya kona yenye madirisha pande mbili hupoa yenyewe, na stima ikipotea bado utapata hewa. Nyumba yenye dirisha upande mmoja hutegemea feni au kiyoyozi, na vyote viwili hulala stima ikilala.

Kuhusu mtaa: Milimani, hasa kuelekea Hifadhi ya Impala, ni kimya, kuna miti, na mji uko karibu. Tumbili wamejaa huko, nitawarudia. Dunga iko kwenye ufuo wenyewe, karibu na boti na wauza samaki. Utasikia injini za wavuvi kabla ya kucha, na mbu ni wengi kwa sababu ya kinamasi cha mafunjo kilicho jirani. Riat iko juu ya kilima upande wa uwanja wa ndege, kuna ubaridi kidogo usiku na ziwa lote unaliona, ila kila ukitaka kitu lazima ushuke kwa gari. Mwenye watoto wadogo namshauri Milimani. Anayetaka boti alfajiri, Dunga. Riat ni ya mtu anayetaka kutazama tu.

Ukipewa nyumba ya chini kabisa karibu na ufuo, chunguza kuta. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na makazi mengi ya ufuoni yaliingiwa na maji. Alama hubaki: rangi iliyovimba na kubanduka karibu na sakafu, mstari wa kahawia ukutani, harufu ya ukungu ukifungua kabati. Ukiona hayo, omba ghorofa ya kwanza au ya pili. Ghorofa ya juu sana nayo ina shida yake, ambayo ni presha ya maji.

Maswali ya kutuma kabla ya kulipa

Tuma ujumbe mmoja wenye maswali yote ili majibu yabaki kwa maandishi. Unaweza kuandika hivi: "Habari yako. Tunakuja watu wanne, usiku tano. Naomba kujua: maji ni ya kampuni, ya kisima au yanavutwa ziwani? Tangi ni lita ngapi na ni la nyumba ngapi? Stima ikipotea, jenereta inawasha pampu ya maji pia au taa tu? Tokeni ni zetu au zimo kwenye bei? Kila kitanda kina neti? Madirisha yana wavu? Gesi ipo?"

Swali la pampu ndilo watu husahau. Jengo likiwa na jenereta ya taa za ngazi peke yake, stima ikikatika saa sita mchana, tangi la juu halijazwi tena, na kufikia jioni ghorofa za juu hazina maji. Mwenye nyumba makini atakujibu papo hapo. Anayejibu "usijali, kila kitu kiko sawa" hajakujibu, muulize tena.

Uliza pia kama nyumba imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Nyumba za kukodisha kwa siku hutakiwa kusajiliwa, na zinazofuata utaratibu huandika majina na namba za vitambulisho vya wageni getini. Usikasirike ukiombwa kitambulisho. Nyumba isiyomuuliza mtu yeyote jina ndiyo ya kuogopa.

Pesa

Usitume pesa kwa sababu ya picha. Omba simu ya video: mtu asimame sebuleni, afungue mfereji wa jikoni, kisha atoke roshani akuonyeshe ziwa bila kukata simu. Matapeli huchukua picha za nyumba za watu na kuzitangaza kama zao, na hili jaribio dogo huwashinda. Linganisha jina la M-Pesa linalojitokeza kabla ya kuthibitisha na jina la uliyezungumza naye. Yakitofautiana, muulize sababu kabla hujabonyeza. Ukikosea namba, sambaza ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja kuomba pesa zirudishwe. Ukichelewa, mpokeaji anaweza kuwa amekwisha kuzitoa.

Lipa sehemu ya kushikilia nafasi, nyingine ukiwa mlangoni. Amana ya uharibifu ikidaiwa, kiasi na siku ya kurudishwa viandikwe kwenye ujumbe.

Nusu saa ya kwanza ndani ya nyumba

Kabla hamjafungua mabegi, pitia nyumba ukiwa na simu mkononi. Piga picha kila kilichovunjika, kilichochubuka au chenye doa. Piga picha ya mita.

Anza na maji. Fungua mifereji yote miwili, jikoni na bafuni, kwa dakika moja. Yakitoka ya kahawia kisha yakasafika, ni mashapo ya tangi. Yakibaki na rangi au harufu ya matope, huenda yanavutwa ziwani bila kusafishwa, na hapo una kazi ya ziada: maji ya ziwa yanaweza kubeba vijidudu vya kichocho ambavyo hupenya ngozi. Maji ya namna hiyo yakishakaa kwenye tangi lililofungwa siku mbili bila kuongezwa mapya, vijidudu hivyo huwa vimekufa na unaweza kuoga. Tangi likijazwa kila asubuhi hesabu hiyo haikusaidii. Chemsha maji ya kuoga. Ya kunywa, yawe ya mfereji wowote ule, chemsha hadi yatokote kwa nguvu dakika moja kamili, au nunua mtungi wa lita 20. Tumia ya kunywa kupiga mswaki na kuoshea matunda pia. Kipindupindu hutokea mara kwa mara pwani za ziwa hili.

Halafu shawa ya umeme, ile ya kichwa cha plastiki inayopasha maji yanapopita. Hapa tafadhali kaa kidogo, kwa sababu ndicho kifaa cha hatari zaidi katika nyumba hizi. Swichi yake kubwa inatakiwa kuwa nje ya bafu. Tazama waya unaoingia kichwani: usiwe umefungwa kwa utepe, usiwe na sehemu iliyoungua na kuwa nyeusi. Washa swichi mikono ikiwa mikavu, fungua maji, subiri sekunde kumi, kisha gusa maji kwa nyuma ya vidole. Ukihisi hata mwasho mdogo wa umeme, funga swichi, mwite keyateka, na msioge hapo hadi fundi aje. Mara nyingi sababu ni waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini) ambao haukuunganishwa, au koili isiyofaa kwa maji ya kisima yenye chumvi. Maji hayo hupitisha umeme vizuri kuliko ya kampuni na yanahitaji koili iliyofunikwa.

Shawa ikiwaka taa lakini maji hayapati moto, tatizo huwa presha. Kifaa hujiwasha maji yanapokisukuma kwa nguvu ya kutosha, na ghorofa ya juu kabisa, tangi likiwa mita mbili tu juu ya kichwa chako, nguvu hiyo haipo. Fungua mfereji wa shawa wote, usiufungue nusu. Ikigoma bado, fungua matundu yaliyozibwa na chokaa kwa kijiti cha meno. Baada ya hapo ni kazi ya pampu ya kuongezea presha, ambayo si juu yako.

Tokeni sasa. Shawa ya kilowati 5 ikitumika dakika 10 inakula karibu uniti 0.8. Watu wanne wakioga mara mbili kwa siku, hizo ni zaidi ya uniti 6 kabla hujachemsha chai. Ndiyo maana mwenye nyumba anayesema "tokeni zimo" mara nyingi ameweka kiasi, na ukikivuka unajinunulia. Utaratibu: M-Pesa, Lipa na M-Pesa, Paybill 888880, akaunti ni namba ya mita, kisha kiasi. Ujumbe unakuja na tarakimu 20. Ziingize kwenye kile kidude cha vitufe na ubonyeze alama ya kukubali. Kidude kikikataa na kuonyesha kwamba hakiwasiliani na mita, hakijaharibika: kinazungumza na mita kupitia waya za stima zenyewe, kwa hiyo kichomeke kwenye soketi nyingine, bora ile iliyo karibu na mlango wa kuingilia, chomoa chaja zilizo karibu, na ujaribu tena. Namba ya mita ihifadhi kwenye simu siku ya kwanza. Tokeni huisha usiku, na keyateka hulala.

Gesi: fungua mtungi, usiwashe jiko. Paka povu la sabuni kwenye regyuleta na kwenye viungo vya mpira. Povu likivimba, gesi inavuja. Funga, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote.

Mwisho, neti. Itandaze yote na uiangalie ukiiweka mbele ya dirisha, matundu utayaona. Tundu la ukubwa wa kidole gumba linatosha kuingiza mbu wa usiku mzima. Lishone kwa sindano na uzi. Neti iwe ndefu ya kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Fupi inayoning'inia haifanyi kazi.

Kuanzia saa kumi na mbili jioni

Hapa karibu na ikweta giza huingia haraka. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro mwaka mzima, na dakika ishirini baadaye ni usiku. Kaa roshani utazame, ni haki yako, lakini kabla jua halijagusa maji fanya mambo matatu: funga madirisha yasiyo na wavu, shusha neti, jipake dawa ya mbu kwenye vifundo vya miguu na shingo. Mbu wa malaria huuma usiku hadi alfajiri, na ukanda wa ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi zaidi Kenya. Anayetoka Nairobi, Nyeri au Eldoret hana kinga ya aliyekulia Nyando. Mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wamwone daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kujikinga.

Baadhi ya jioni utaona kitu kama moshi mweusi ukisimama juu ya ziwa, nguzo moja au kadhaa, ukisogea na upepo. Ni visubi vya ziwani, mamilioni kwa mamilioni. Hawaumi. Wanafuata mwanga, na taa moja nyeupe ya roshani iliyosahauliwa inatosha kuwaleta wote kwako: watapita kwenye wavu wa kawaida wa dirisha kwa sababu ni wadogo, watatanda dari, wataanguka kwenye chai na kwenye mafuta ya kukaangia. Ukiona nguzo hizo, zima taa za nje, funga vioo, vuta mapazia, na ndani ubaki na taa ya njano ya chini. Usipulize dawa ya kuua wadudu; utaishia na zulia la wadudu waliokufa na hewa isiyovutika. Mwenye pumu abaki ndani. Asubuhi wakiwa wamekauka wafagie kwa ufagio laini. Ukiwapangusa kwa kitambaa kibichi wataacha madoa ya kijani ukutani.

Na viboko. Usiku hutoka majini kula nyasi, hupita njia zilezile kila siku, na njia hizo zinaweza kuwa nyuma ya ua wa jengo lako. Usishuke ufuoni kutembea baada ya giza, si Hippo Point, si Dunga, hata mkiwa wengi na tochi. Aliyeko kati ya kiboko na maji ndiye anayeshambuliwa. Kurudi kutoka kula, panda tuktuk hadi getini hata kama ni mita mia tatu.

Mvua ya radi huja mara nyingi jioni, hasa Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba. Ngurumo zikianza, chomoa televisheni, kompyuta na chaja. Usioge kwa shawa ya umeme wakati wa radi.

Boti, bila kuogelea

Ziwa hili litazame, lipande kwa boti, ule samaki wake. Usiogelee. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji tulivu ya ufuoni yenye majani, yaani palepale mtoto anapopenda kuchezea, na vijidudu hutolewa kwa wingi jua likiwa juu. Dakika chache zinatosha. Kujikausha kwa taulo si kinga ya kutegemea. Kama miguu inaingia majini kupanda boti, vaa buti za mpira au ombeni gati.

Boti tafuta kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, na Dunga wana utaratibu wao. Elewaneni bei ya boti nzima, siyo kwa kichwa, na muda kwa saa. Nendeni asubuhi kati ya saa kumi na mbili unusu na saa nne: maji yametulia, ndege wako kwenye mafunjo, viboko wameingia majini. Mchana upepo wa ziwa ukianza, mawimbi hupanda na mtarudi mmelowa.

Kabla ya kupanda:

Kila mtu na jaketi lake la kuokolea, limevaliwa, siyo limekaliwa. Livute juu kwa mabega. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto akitumbukia, kwa hiyo pasipo la mtoto, mtoto haendi.

Kuwe na kasia ndani hata kama injini ni mpya, na kopo la kutolea maji. Gugumaji hujisokota kwenye propela na kuzima injini, na hapo kasia ndiyo safari.

Gugumaji lenyewe huja na upepo. Ufuo uliokuwa wazi jioni unaweza kuwa umefungwa asubuhi kwa zulia la kijani lenye upana wa viwanja kadhaa vya mpira. Nahodha akisema leo haipitiki, mwamini na msimlazimishe. Boti iliyozungukwa na gugumaji inaweza kukaa humo saa nyingi. Tumieni siku hiyo kwenda Hifadhi ya Impala. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, msitegemee pesa taslimu, na maji muweke kwenye chupa isiyo ya plastiki ya kutupwa, kwani plastiki za aina hiyo zilipigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa tangu Juni 2020.

Samaki wa ufuoni hadi sufuriani

Nunua asubuhi. Macho ya samaki yawe yamejaa na maangavu, ndani ya mashavu pawe pekundu. Mbonyeze ubavuni: nyama irudi, isibaki na shimo. Ngege (tilapia) mmoja wa gramu 400 hadi 500 anamtosha mtu mmoja. Mama anayeuza atamparua na kumtoa matumbo palepale ukimwomba, tena afadhali, kwa sababu magamba kwenye sinki la fleti huziba bomba kwa siku moja.

Mchanje mikato mitatu kila upande, msugue kijiko kidogo cha chumvi, mwache dakika 20. Mkaushe kwa karatasi. Hili usiliruke: samaki mwenye maji ndiye anayerusha mafuta na kung'ang'ania sufuria. Mafuta yafike sentimita mbili, yawe moto hasa. Tumbukiza kipande cha kitunguu, kikichemka povu mara moja, mtie. Dakika tano upande mmoja bila kumgusa. Wengi humgeuza mapema na kumvunja. Akiiva upande huo anaachia mwenyewe. Mgeuze, dakika nne, mtoe. Punguza mafuta, kaanga vitunguu viwili, nyanya tatu hadi zilainike, nusu glasi ya maji, mrudishe samaki, funika dakika saba, malizia na dania. Ugali na osuga (mnavu) pembeni.

Mifupa na mabaki yatoke nyumbani usiku uleule kwenye ndoo yenye kifuniko. Yakilala roshani, asubuhi utakuta tumbili au korongo wamekutangulia. Kuhusu tumbili, sheria ni fupi: mlango wa roshani ufungwe kila mnapotoka chumbani, mkate na ndizi ziwe kabatini, na msiwalishe hata mara moja.

Siku ya kuondoka

Piga picha ya mita tena, funga gesi mtungini, zima swichi ya shawa. Pitieni nyumba pamoja na keyateka kabla hajachukua ufunguo, amana ikisemwa hapo hapo. Hakikisha umebaki na jumbe zote za malipo.

Ukipata homa, kuumwa kichwa au kutapika wiki moja baada ya kurudi, au hata miezi miwili, pima malaria siku hiyohiyo na umwambie daktari ulikuwa ziwani. Homa ikikukuta bado uko Kisumu, Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo dereva wa tuktuk ataijua zaidi kwa jina la Russia, iko wazi usiku na mchana. Na yeyote aliyeingiza mguu ziwani aandike tarehe kwenye kalenda ya simu: wiki ya sita hadi ya nane akapime kichocho. Dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli, na kipimo cha dawa huhesabiwa kwa uzito wa mwili, kwa hiyo msigawane vidonge vya mtu mmoja.